Ukaguzi wa Miguu, Mafinga

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Tumeingia Mafinga jioni. Siku ya nane tangu tuondoke Mbeya kwa miguu. Mahujaji thelathini na wawili, na thelathini na mmoja kati yao hawajui kutembea. Baridi ya kukata masikio! Tunalala ukumbi wa parokia. Kesho mapumziko. Ijumaa, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, tunaingia Iringa, na mbeba msalaba atapokelewa na mapadre na tarumbeta. Mpaka sasa anaubeba Ambrosi. Mkulima wa viazi! Makatambuga ya tairi, suruali imekunjwa mguu mmoja. Mimi, katibu wa kwaya miaka kumi na minne, nakula vumbi lake. Haiwezekani.

Jumanne, 12 Agosti, asubuhi

Wenzangu wanafua soksi. Wengine wanakoroma. Mimi nafikiri. Nimemwona Ambrosi akichechemea kwenda bombani. Kumbe! Nikamwendea Mama Verediana, kiongozi wetu, mama anayeamini chochote kikisemwa kwa upole. Nikamwambia kwa upole kwamba, kwa usalama wa msafara, miguu yote ikaguliwe leo, na msalaba apewe mwenye miguu mizima kuliko wote. Akasema wazo hilo limetoka kwa Roho Mtakatifu. Sikumsahihisha.

Miguu yangu? Viatu vyangu vipya vya michezo vinabana kidogo tu. Sijavivua tangu Jumamosi, kwa sababu havivuliki.

Jumanne, mchana

Aibu. Sista Benedicta, muuguzi wetu, alikaa kwenye kigoda na beseni mbele yake. Ambrosi akaanza. Nyayo ngumu kama gome, hazina hata mchubuko. Kuchechemea kote kule ilikuwa kokoto kwenye katambuga! Kaitoa, kaitupa. Watu wakapiga makofi. Makofi, kwa nyayo!

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza kwamba viongozi hawakaguliwi. Mama Verediana akanikumbusha kwamba wazo lilikuwa langu. Viatu vikavutwa na watu wawili. Soksi zikatoka na ngozi. Faustina wa sauti ya kwanza akaondoka ameziba pua, yeye ambaye kila Jumapili namtafutia ukurasa. Malengelenge kumi na moja. Kucha mbili marehemu.

Sista akasema, “Katibu Anord, kwa miguu hii huendi kokote. Utapanda gari la masufuria.”

Gari la masufuria!

Jumanne, jioni

Ambrosi kaja na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kachuchumaa, kaniosha miguu mbele ya watu. Unafiki mtupu. Anasema msalaba si kitu cha kugombania. Eti mjukuu wake Blessing alilazwa miezi miwili wakati wa masika, naye akaweka nadhiri kwamba mtoto akiinuka, yeye babu atatembea mpaka Iringa. Mtoto kainuka. Akasema atamwomba Sista aniruhusu nitembee naye nyuma, polepole, hata tukifika Jumamosi.

“Tulitoka wote, Katibu. Tufike wote.”

Nikamjibu kwamba mimi sitembezwi na mtu wa makatambuga. Akacheka, akaendelea kunikausha vidole, kimoja kimoja. Maji yalikuwa na joto zuri, hilo nakiri. Ndizo mbinu zao.

Ijumaa, 15 Agosti

Iringa! Gari lilitangulia kwa saa tatu. Waumini getini wakaona mtu kafungwa bandeji miguu yote miwili, wakadhani ndiye aliyeteseka kuliko wote. Sikuwapinga. Nikavishwa shada, nikapewa kiti na soda, nikaombwa niseme neno. Nilisema maneno mengi. Nilikuwa nimefika pale ambapo naubeba msalaba peke yangu kwenye upepo wa Makambako, wanawake wanajifuta machozi, mara tarumbeta zikalia. Ambrosi huyo, msalaba begani, wenzangu wote nyuma.

Paroko akaniomba nimvishe Ambrosi lile shada. Ambrosi akakataa. Akasema nibaki nalo, kwani nimeumia kweli.

Amekataa hata maua, ili aonekane mnyenyekevu! Sijawahi kuona mtu mwenye majivuno namna hii.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimetafakari sana. Kosa lilikuwa moja tu: tulikagua miguu badala ya vichwa. Mwakani nitapendekeza mbeba msalaba apatikane kwa mtihani. Litania nzima ya Bikira Maria, kwa kichwa, bila kitabu, mbele ya watu wote.

Mimi naijua karibu nusu. Nitajitolea kuwa wa kwanza.