Namba Nne, Chini ya Fundi Bomba

Jumapili, 2 Machi

Nimedhalilishwa, tena jikoni kwa mama yangu mzazi. Nilikwenda kuchukua maji baridi, nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jokofu. Mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa: NIKIZIDIWA PIGENI SIMU. Namba moja, Daktari. Namba mbili, dada yangu. Namba tatu, fundi bomba. Namba nne, mimi.

Mimi! Kifungua mimba wake! Chini ya mtu wa mabomba!

Na huyo "Daktari" si daktari hata kidogo. Ni shemeji yangu, mume wa dada, anayepanga mafaili kwenye zahanati. Miaka tisa ya kupanga mafaili, na ukoo mzima ukiumwa unamwonyesha ndimi azipime.

Nilimuuliza mama kwa upole fundi bomba ameingiaje humo. Akajibu kwamba fundi bomba akipigiwa simu huja. Sikupenda alivyonitazama.

Mwezi huu hauishi kabla sijawa namba moja.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti. Nimekusanya vipeperushi vitatu vya kozi za huduma ya dharura. Ya kwanza, miezi sita. Haiwezekani, mama ana miaka sabini na mbili. Ya pili, wiki mbili, vitendo kila siku, kitabu cha kurasa mia na themanini, mtihani mbele ya wasimamizi. Inatisha. Ya tatu, saa tatu tu, kwenye simu, cheti kina muhuri wa dhahabu.

Nimepima, nimetafakari, nimechagua ya tatu. Nimeimaliza leoleo dukani, nikiwa nimelala juu ya godoro la maonyesho. (Nauza magodoro. Mteja lazima aone mtu analala.) Nilibonyeza "endelea" mara arobaini na moja. Asilimia mia! Kumbe nina kipaji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea mama cheti. Akavaa miwani, akasoma hadi mwisho, akauliza ni nani aliyenitazama mikono. Sikumwelewa. Akasema yeye alipojifunza kushona, mwalimu alikaa pembeni yake akimtazama mikono. Kisha akauliza, akianguka hapa alipo sasa hivi, naanzia wapi.

Nilikohoa. Kichwani lilikuja neno moja tu, "endelea".

Mama akakichukua cheti, akafunikia sufuria ya maziwa.

Basi. Wiki mbili. Mwenye duka amenipa ruhusa haraka mno, sijui kwa nini alikuwa anatabasamu.

Jumatatu, 10 Machi

Darasa liko ghorofani, juu ya duka la rangi. Sakafu ya vigae, baridi. Tupo kumi na wawili. Kuna masanamu matatu ya mazoezi, kichwa na kifua, miguu hayana. Mwalimu ni mama wa makamo aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye gari la wagonjwa. Ana filimbi shingoni, kwa hiyo kwangu mimi anaitwa Filimbi. Akitamka "Dharura!" kila mtu aache alichoshika, afanye kazi yake.

Na mstari wa mbele kakaa nani? Shemeji! Kalamu nne mfukoni. Ati zahanati imemtuma. Uongo mtupu. Dada kaponyokwa na siri yangu, naye kaogopa kunyang'anywa udaktari wake.

Tulibinya vifua vya masanamu. Filimbi akatangaza kwamba langu limekufa. Nikarudia. Likafa tena. Shemeji akaandika kitu.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata wazo! Kila zoezi linahitaji mgonjwa wa kuigiza, na hakuna anayetaka kulala kwenye vigae. Nimejitolea. Mgonjwa hakosei, mgonjwa haulizwi swali. Na kulala ni fani yangu, nimelala mbele ya wateja kwa miaka kumi na minne.

Sasa Filimbi akisema tu "Dharura!" mimi niko chini. Sekunde mbili. Leo nimezimia mara saba, nimevunjika mguu mara tatu na kuungua mkono mmoja. Filimbi akasema mbele ya wote kwamba tangu aanze kufundisha hajapata mgonjwa kama mimi. Shemeji alinuna huku akinifunga bendeji.

Kitabu nimempa mke wangu. Anasoma mchana, jioni ananisimulia akipiga pasi. Kila mtu na kazi yake.

Jumatatu, 17 Machi

Naumwa kweli sasa. Dereva wa lori kanifunga vibao vya banzi mguuni mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuvitazama hata mara moja. Shemeji kanigeuza ubavu kama gunia. Msusi mmoja kanikandamiza kidonda kisichokuwepo hadi nikatamani kingekuwepo, angalau niumie kwa haki. Na hakuna hata mmoja anayeniambia anataka kunifanya nini. Wananishika tu! Mtu amelala pale, hajui linalokuja.

Mke wangu kafika ukurasa wa mia na arobaini. Ananiuliza maswali, nami namjibu "wewe unaonaje?" Anaonaje? Anaona sawasawa kila mara, nami naitikia kwa kichwa kama mwalimu. Jana alipiga mto wetu mara tano kwa kisigino cha mkono. Ati katikati ya mabega, mtu akikwamwa na tonge. Nikamwambia aache kuchosha mto, mimi ndiye mwanafunzi.

Ijumaa, 21 Machi

Mtihani. Nilijua nitakuwa mgonjwa wa wote, ndivyo ilivyokuwa. Watu kumi na mmoja walinitibu mbele ya wasimamizi wawili. Nikawa nainuka, najifuta vumbi, natafuta viatu. Filimbi akaniambia bado mimi.

Bado mimi! Ati mgonjwa naye anafanya mtihani!

Aliyelala chini sasa alikuwa shemeji, jicho moja wazi. Nilitafuta kichwani nilichosoma, nikakumbuka kwamba sijasoma. Basi nikafuata yale tu yaliyoniuma mimi. Nikamwambia shemeji niko hapa, usiogope, naanza na mguu, utasikia nabana kidogo. Nikamfunga banzi, nikatazama vidole vyake, nikauliza kama anavihisi. Nikamgeuza ubavu taratibu, nimemshika kichwa. Msimamizi mmoja akaacha kuandika, akawa ananitazama mikono.

Likaja sanamu. Nilibinya kwa mdundo ambao dereva wa lori alikuwa akihesabu juu ya sikio langu wiki nzima. Likaishi! Maswali ya mdomo nayo yalijijibu yenyewe, kwa sauti ya mke wangu, na harufu ya pasi niliisikia palepale.

Themanini na nne. Shemeji sabini na tisa. Nimeandika mara moja tu, lakini nimeisoma mara ishirini: themanini na nne.

Jumamosi, 22 Machi

Mama kavaa miwani. Safari hii cheti hakikwenda kwenye maziwa. Alikisimamisha kabatini, kando ya picha ya marehemu baba, akasema baba angefurahi. Ilibidi nitoke nje kidogo, nikajifanya natazama mabati.

Kesho chakula cha mchana kwake, wote. Tukishakula ataandika karatasi mpya. Nimemnunulia kalamu ya wino mzito.

Jumapili, 23 Machi

Sina hamu ya kuandika. Lakini naandika.

Tulikuwa mezani watano, yaani mama, dada, shemeji, mke wangu na mimi. Kalamu na karatasi viko kando ya sahani ya mama. Shemeji alikuwa anasimulia jinsi sabini na tisa yake ilivyo ngumu kuliko themanini na nne yangu. Mama akacheka, ana nyama mdomoni. Kisha hakucheka. Akashika koo. Hakukohoa, hakutoa sauti.

Shemeji akasimama, akafanya alichofundishwa kwanza, kuita msaada. Akapaza sauti: "Dharura!"

Nikalala.

Sikuamua! Mwili ulikwenda wenyewe, sekunde mbili, chali, mikono pembeni. Na shemeji naye, wiki mbili kazoea kwamba aliyelala chini ndiye mgonjwa, akapiga magoti akaanza kunitazama kama napumua. Akaniambia yuko hapa, nisiogope. Maneno yangu mwenyewe!

Kutoka pale chini niliona miguu ya mama tu. Ndala moja ilikuwa imemtoka, na kidole gumba kinajikunja. Niliogopa. Tangu nizaliwe sijaogopa vile. Nilijaribu kuinuka, shemeji akanikandamiza mabega, kitabu kinasema mgonjwa asiinuliwe ghafla.

Mke wangu aliturukia wote wawili. Nilisikia akimwambia: inama, nakupiga mgongoni, mama, nipo. Moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ikatoka na kitu, kikatua kwenye upara wa shemeji.

Mama akavuta pumzi. Sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nililia hapohapo sakafuni, na shemeji akaandika kwamba mgonjwa anatoa machozi.

Mama alipopata nguvu alitutazama sote. Mke wangu alitazamwa muda mrefu zaidi. Akaomba kalamu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepita kuona karatasi. Wino mzito unasomeka vizuri, hasara yangu. Namba moja, mke wangu. Namba mbili, Daktari. Namba tatu, dada. Namba nne, fundi bomba. Namba tano, mimi. Na mbele ya jina langu, kwenye mabano: AKIWA AMESIMAMA.

Namba tano! Themanini na nne kabatini, na mimi nimeshuka!

Nimekaa nikatafakari kosa liko wapi. Kwa kutwa nzima, bila kujionea huruma. Nimeliona. Kosa ni kwamba nilianzia juu mno. Mtu hupanda ngazi moja moja. Sina ugomvi na namba moja, namba tatu ni dada yangu wa damu, lakini namba nne si ndugu wa mtu.

Nimechukua vipeperushi vitatu vya kozi za ufundi bomba. Nimechagua ya wiki mbili. Kitabu kina kurasa mia mbili na kumi, michoro mingi. Mke wangu anapiga pasi sasa hivi. Nimemfungulia ukurasa wa kwanza.