Watu Kumi kwa Ajili ya Farha

Jumapili, 10 Juni 1984

Nimeshinda. Kura kumi na moja kati ya kumi na moja, pamoja na yangu mwenyewe. Kuanzia leo mimi, Heskel Mukamal, mfanyabiashara wa lulu (biashara imelala), ndiye mwenyekiti wa sinagogi yetu hapa Kobe, Japani. Kazi ya kujitolea. Haina mshahara, lakini ina kibao cha shaba mlangoni.

Wiki tatu nimehangaika. Nilimpitia kila mwanachama peke yake, na sahani ya sambusa mkononi, nikamwambia wenzake wote wameshaniunga mkono. Niliyemwogopa ni Albert Zonana tu, maana ana wana watatu wakubwa, na nyumba moja yenye kura nne si jambo dogo. Baada ya kikao Albert akaniambia kwamba hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaitaka kazi hiyo. Si angesema mapema. Ningeokoa sambusa zangu tisini.

Mzee Selim Djemal, aliyeshika nafasi hii miaka ishirini na sita, alinikabidhi funguo. Miguu imemchosha. Aliniomba jambo moja. Alhamisi ya tarehe 21 ni kumbukumbu ya kifo cha mkewe, Farha. Dua ya wafiwa haisomwi mpaka wanaume kumi wawepo. Wakiwa tisa, mfiwa hukaa kimya na kurudi nyumbani.

"Watu kumi, mwanangu," alisema. "Sitaki kingine."

Nikamwahidi ishirini.

Jumatatu, 11 Juni

Mvua za Juni zimeanza. Nilikwenda kukijaribu kiti cha mwenyekiti. Nikakaa. Nikapanga uso wa heshima. Tone likanipiga utosini.

Paa linavuja palepale. Bi Morioka, Mjapani anayetutunzia jengo kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, anasema limevuja tangu kimbunga kimoja cha zamani, na fedha za kulitengeneza hazijawahi kupatikana. Mzee Selim alikuwa anavaa kofia nene. Nilimuuliza kwa nini mzee hakuhamia kiti kingine. Akanijibu kwamba mzee alisema mtu mwingine angelazimika kukaa hapo.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Sina moyo wa namna hiyo. Kiti kikavu kuliko vyote ni cha Albert Zonana, safu ya mbele, dirishani.

Jumatano, 13 Juni

Mpango umekamilika. Unaitwa Utaratibu Mpya wa Viti. Nilijaribu kupanga watu kwa herufi, nikaangukia nyuma ya nguzo. Kwa umri, nikaangukia chini ya tone. Kwa urefu, mlangoni, kwenye upepo. Mwishowe nikapanga kwa "wajibu", neno ambalo jinsi nilivyolitumia halina maana yoyote, na kiti cha dirishani kikawa changu. Albert akapata tone.

Nikaubandika ukutani. Albert alikuja jioni, akausoma mara mbili. Akaniambia kwa upole kwamba kiti kile kilikuwa cha marehemu baba yake, na kwamba yeye alikaa magotini pa babaye palepale tangu hajajua kusoma. Nikamwambia sheria ni sheria. Akauliza sheria ipi. Nikasema yangu.

Hakugomba. Ningefurahi angegomba. Alichukua kitabu chake cha sala na shali yake, akainama kumuaga Bi Morioka, akatoka. Wanawe watatu wakamfuata kwenye mvua.

Nimekikalia kiti. Ni kikavu kweli. Lakini kina baridi.

Jumapili, 17 Juni

Jana ilikuwa Sabato, sikuandika. Leo naandika na heri ningeacha.

Sisi hatuhesabu watu kwa namba, ni mwiko. Msimu huu Bi Morioka huhesabu miamvuli. Jana alikuja kuninong'oneza: miamvuli saba. Hatukutimia kumi, kwa hiyo Taurati haikutolewa kabatini. Mzee Selim alikaa chini ya tone na kofia yake. Hakuna aliyemwambia akae pale. Nadhani ni mazoea.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Ijumaa nilibandika tangazo bandarini: chakula cha bure Jumamosi kwa mabaharia Wayahudi. Saa sita mchana wakaingia sita! Nikapata nguvu. Nikamuuliza yule mrefu kama ni Myahudi. Akasema hapana, ila bibi yake aliwahi kuwa na jirani Myahudi, mtu mwema sana. Wengine waliuliza kama kuna bia.

Walimaliza kuku wote na wali wote uliolala jikoni tangu Ijumaa. Halafu wakaosha vyombo. Mmoja akaukaza mlango wa choo uliokuwa umelegea, kazi ambayo sisi haturuhusiwi kuifanya siku hiyo. Nikageukia ukuta nisione. Wema wao uliniuma kuliko njaa.

Siku nne zimebaki. Tuko saba.

Alhamisi, 21 Juni

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Saa moja na nusu asubuhi. Mvua. Mzee Selim alifika wa kwanza, amevaa suti nyeusi na tai, amenyoa, amejikata kidogo kidevuni. Alikuwa na picha ya Farha mfukoni, akanionyesha: mwanamke mwenye kofia, amesimama kwenye ngazi za sinagogi hii hii, anacheka na mtu ambaye hayumo pichani. Nikamwambia watu wako njiani.

Saa mbili. Miamvuli saba. Mzee alikuwa anatazama mlango, kisha anatazama viatu vyake ili nisione kwamba anatazama mlango.

Ningeweza kumpigia Albert na kusema: nimekosa, njoo. Maneno mawili. Nilishuka ofisini, nikainua simu, na maneno yaliyotoka yakawa mengine. Nilimwambia kwamba Mzee Selim amezidiwa, anakata roho, anamwita.

Dakika kumi na mbili. Zonana wanne waliingia wakihema, wamelowa chapachapa, Albert na ndala za nyumbani. Akamkuta Mzee Selim amekaa wima, anaweka tai yake sawa.

Albert alishika mlango. Alimtazama mzee, kisha mimi.

"Nimelia njia nzima, Heskel," alisema.

Lakini alikaa. Alivaa shali yake, akasimama karibu na mzee, na wanawe pia. Tulikuwa kumi na moja. Mzee Selim aliisoma dua ya Farha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya kijana, na alipokosea neno Albert alimkumbusha polepole. Mzee hakujua chochote. Alidhani wamekuja kwa ajili ya Farha. Alimshika Albert mkono na kumshukuru kwa kukumbuka.

Walipotoka Albert aliniambia nisimpigie simu tena. Atakata, hata niwe naungua.

Nilijifariji kwamba nilimwahidi mzee watu na watu wamepatikana. Naona kama nimefaulu. Sina hamu ya kula.

Jumanne, 26 Juni

Bi Morioka alinipigia asubuhi. Alimpelekea Mzee Selim mchuzi, akamkuta ameanguka jikoni kwake. Moyo. Amelazwa.

Nilimpigia Albert kutoka simu ya hospitali. Nikasema jina langu. Akakata. Nikapiga tena. Nikasema haraka, bila jina: safari hii ni kweli. Nikasikia pumzi yake, kisha akakata.

Kutoka hospitali hadi nyumbani kwa Albert ni robo saa kwa miguu, mlima mtupu. Ningeweza kwenda. Hata Bi Morioka ningeweza kumtuma, naye wangemwamini mara moja. Lakini yeyote ambaye angekwenda angelazimika kueleza kwa nini simu yangu haipokelewi. Nikajiambia mzee ana siku nyingi bado. Nikakaa.

Saa tisa alasiri alifumbua macho. Aliuliza kama Albert amekuja. Nikasema amekuja, anaegesha gari.

Mzee alinigeukia.

"Albert hana gari," alisema.

Kisha akanipapasa mkono, kama mtu anayemtuliza mgonjwa, akasema nimejitahidi. Akafumba macho. Saa kumi na moja alikuwa amekwenda. Tulikuwa mimi na nesi tu.

Alhamisi, 28 Juni

Tumemzika juu mlimani, kando ya Farha. Ukungu mzito. Walikuja watu wa Osaka, wakaja wauza lulu ambao sijawaona sinagogini tangu harusi zao, wakaja majirani Wajapani wakasimama nyuma na kuinama. Bi Morioka alilia bila sauti, kitambaa mdomoni. Kila mtu alitupia udongo kwa koleo. Nilipomaliza sikujua nimpe nani koleo, maana kwa mila yetu hatupeani mkononi siku ya mazishi. Nikalichomeka ardhini, na aliyelichukua alikuwa Albert.

Baadaye alinisubiri njiani. Macho mekundu. Akauliza kama mzee alimtaja.

Nilikuwa na uongo mzuri kabisa tayari. Ulikuwa mdomoni. Sijui kwa nini haukutoka. Nilisema ndiyo, alimuulizia.

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba unaegesha gari."

Albert alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti. Kisha kicheko kikageuka, na wanawe wakaja wakamshika huku na huku, wakateremka naye. Mimi nilibaki pale mlimani peke yangu. Sikuwa na mwamvuli. Hata wale mabaharia wangenipa kampani.

Jumapili, 8 Julai

Kikao cha dharura. Nilijiuzulu kabla hawajaniambia nijiuzulu. Walionekana wamefarijika, wengine wakaniletea kiti. Albert amechaguliwa. Alikataa mara mbili, akakubali mara ya tatu, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba paa litatengenezwa mwezi huu, na la pili kwamba kila mtu akae anapopenda. Hakunitaja. Hakunitazama pia.

Nimerudi nyumbani mzito kama gunia. Nikakaa mezani nikamwandikia Albert barua ya radhi. Kurasa nne. Nimeandika yote: kiti, simu, hospitali, ule mlima ambao sikuupanda. Sijawahi kuandika kitu cha kweli namna hii. Nimelia mahali pawili, na wino umesambaa ukurasa wa tatu, inagusa sana.

Nilikuwa tayari nimevaa koti niipeleke kabla usiku haujaingia. Ndipo nikakumbuka walichosema mwisho wa kikao: Kamati ya Makaburi inahitaji mkuu. Kujitolea. Vikao viwili kwa mwaka. Wanachama wake hawakosekani na hawahitaji kuhesabiwa. Uchaguzi ni Septemba, na nyumba ya Albert bado ina kura nne.

Nimevua koti. Barua nimeifunga kwenye bahasha nzuri. Nitampelekea Agosti, wiki ya mwisho. Ndipo itakapomgusa zaidi.