Presha ya Chiriku na Uso Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Nesi amempima binti yangu shuleni: 132 kwa 84. Ana miaka kumi na moja tu! Presha ndiyo iliyomwondoa mama yangu, tena akiwa anafua, shuka moja bado liko kwenye beseni. Nimekaa dukani na saa ya mteja mkononi, sijaifungua.

Nesi hakuwa na wasiwasi hata chembe, jambo lililonitisha zaidi. Ameagiza kuruka kamba na michezo kila siku, pamoja na kikao na mshauri wa watoto kila Ijumaa, maana mtoto amekuwa kimya na anashtukashtuka. Presha ipimwe mara moja kwa wiki, kliniki tu. Mara moja kwa wiki! Mimi ni fundi saa. Saa mbovu huisikilizi mara moja kwa wiki.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua mashine ya presha. Nimeificha ndani ya ile saa kubwa ya ukutani isiyotembea, mke wangu asiione.

Chiriku (tulimpa jina hilo enzi zile hafungi mdomo) nimempima kabla ya shule: 134. Baada ya shule: 138. Alipomaliza tu kuruka kamba, akiwa bado anahema: 151! Kamba nimeipiga marufuku papo hapo. Akakaa kitini, mikono magotini, kimya. Nikampima tena kuhakikisha. 149. Mungu wangu!

Nimemwambia hii ni siri yetu. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Fundi cherehani wa mlango wa pili kaja kujigamba. Mwanawe naye alikuwa na presha, sasa imeshuka. Nikamuuliza dawa gani. Akasema hakuna dawa, jioni wanaruka kamba wote wawili na kupiga soga. Na kitambi kile! Kuna kitu ananificha.

Nimempima Chiriku mara sita. Namba nimeziandika nyuma ya kalenda, hakuna hata moja iliyoshuka. Naogopa, naogopa, naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya mshauri, kule kliniki. Wazazi hawaruhusiwi kuingia. Lakini je, kama mtoto anaumwa mahali na ananificha? Nilikuwa na mpango. Kwenye korido, juu ya mlango wa mshauri, kuna saa. Nikamwambia mfagizi nimeitwa kuitengeneza. Saa ilikuwa nzima, kwa hiyo ilibidi niiharibu kwanza.

Nikapanda ngazi, sikio ukutani. Chiriku anaongea! Maneno mengi kuliko ya mwezi mzima nyumbani. Mshauri akamuuliza anaogopa nini. Akajibu kwamba anaogopa uso wa baba. Namba hazielewi, alisema, lakini uso wa baba anauelewa. Kila baba akisoma mashine, uso wake unamwambia kwamba atakufa kama bibi. Ndiyo maana anakaa bila kutikisika.

Nikasahau kwamba niko juu ya ngazi. Nikaporomoka na ngazi, saa nimeikumbatia kifuani.

Mlango ukafunguliwa. Nesi naye akaja mbio, akanikalisha, akanipima mimi: 171 kwa 104. Nikamwambia mashine yao mbovu. Akaleta nyingine. 173.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepewa dawa zangu. Mashine nimemkabidhi mke wangu, ambaye alisema hana la kusema, kisha akalisema kwa saa nzima. Na amri ya nesi: niruke kamba na mtoto.

Tumeruka uani. Mruko wa tatu kamba ikaninasa, nikaanguka mzimamzima juu ya ndoo. Chiriku akacheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake. Nikaingia jikoni nikalia nyuma ya mlango, kisha nikatoka nikaanguka tena makusudi.

Ijumaa, 14 Machi

Chiriku kapimwa kliniki: 121 kwa 76! Nesi ametabasamu. Mtoto kaongea njia nzima, mambo ya mwalimu, ya paka, ya viatu vya mtu fulani. Mshauri kanikumbusha kwamba mtoto anahitaji baba anayecheza naye, si anayempima. Nikakubali kila neno. Nikaahidi mbele ya mke wangu.

Na kweli nimeelewa. Shida haikuwa mashine. Ilikuwa uso!

Leo nimefunga duka mapema. Nimesimama mbele ya kioo, nikajipima na kujisomea namba bila kukunja ndita. Mara tisa. Mara ya tisa nilitulia kabisa, utadhani nasoma namba ya nyumba. Mashine mpya imo ndani ya saa ya ukutani, mahali pale pale.

Kesho asubuhi nitampima Chiriku. Nikitabasamu.