Vyumba Vinane vya Mwisho

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Nimeamua kuandika kila siku mpaka sikukuu ya Kristo Mfalme, ili nitakapokuwa nimekaa mbele ya harmonium, kinanda cha upepo cha kanisani, ijulikane nilifikaje pale. Zimebaki siku kumi na tatu.

Mambo yako hivi. Aliyekuwa akitupigia harmonium kanisani amehama mji. Mwalimu Namegabe, aliyekimbia kutoka Bukavu mwaka jana na sanduku moja, nusu nguo nusu karatasi za muziki, anatafuta wa kumrithi mpigaji huyo. Anatufundisha wanakwaya wanne namna sauti zinavyopangwa pamoja. Hapendi kanuni za kukariri. Anatupa kipande cha muziki wa zamani wa Ulaya na kusema tukifungue kama fundi anavyofungua injini, tueleze kila kifaa kinafanya kazi gani.

Leo ametoa menueti, ngoma ya polepole yenye hatua tatu. Imegawanywa kwa mistari ya kusimama. Mwalimu anaita kila sehemu chumba, kwa kuwa ina kuta mbili. Vyumba ni thelathini na viwili. Vilikuwa. Mbele ya macho yetu alichukua mkasi, akakata vinane vya mwisho, akavitia ndani ya kitabu chake cha sala. Atakayesema muziki unaishaje, na kwa nini, ndiye atakayepiga siku ya Kristo Mfalme. Majibu Jumatano ya wiki ijayo.

Wawili kati yetu wanne huja kwa ajili ya chai. Nimebaki mimi na Annick.

Annick anakaa Kigobe, mtaa wa wenye nacho. Kwao kuna kinanda cha kweli. Mimi nakaa mtaa wa Jabe kwa Tantine Consolate, dada ya baba, tangu mwaka wa 1993. Tantine ni fundi wa nguo. Kinanda changu nimekichora kwa chaki juu ya meza yake ya kukatia. Hakitoi sauti, lakini hakikosei.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefungua vyumba vinane vya kwanza. Viko Sol majeur, yaani nyumbani kwake ni noti ya Sol. Majeur ni sauti iliyo wazi, kama uso wa mtu aliyelala vizuri. Vyumba vya kumi na saba hadi ishirini na nne viko mineur, ile yenye kivuli. Kisha mkasi.

Kufikiri ni njia ndefu. Nimepata fupi. Leo nilihudhuria misa ya asubuhi, nikakaa nyuma ya Mwalimu, na misa ilipoisha nikaomba kwa heshima kumbebea kitabu cha sala mpaka nyumbani. Alisema asante, binti, kitabu hiki nimekibeba kwa miguu kutoka Bukavu, nadhani nitafika nacho mpaka pale kona.

Jumatano, 12 Novemba

Siku mbaya. Nilisahau kufuta meza. Tantine alitandaza kitambaa cheusi cha Mama Khadidja, akakata, akashona, na Mama Khadidja akaivaa sketi palepale na kwenda zake. Alifika sokoni ndipo alipoambiwa kuwa nyuma amebeba kinanda kizima, vibonye vyeupe na vyeusi, tangu kiuno mpaka magoti. Alirudi akiuliza kama ni mtindo mpya, na kama ni mtindo kwa nini hakuambiwa.

Tantine hakunipiga. Alinipa brashi na kunionyesha sketi. Nilipokuwa nikisugua nilikumbuka kwamba noti ya Si ilikuwa imechorwa mahali pasipo pake. Nimefanya mazoezi wiki mbili na Si ya uongo.

Alhamisi, 13 Novemba

Naandika haya usiku.

Katika mji huu kila mtu anajua: redio ikianza asubuhi kwa muziki usio na maneno, na mtangazaji asisikike, hakuna anayecheza. Watu hufunga vifurushi.

Leo saa moja nilikuwa nafua. Redio ya uani kwetu ni moja tu, ya Mzee Sulemani, fundi wa magari. Ilikuwa inapiga muziki mtupu. Wapangaji wote walikuwa wamesimama mbele ya mlango wake. Mama Concilie, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa ameshafunga vitenge vyake vya safari.

Nikasikia. Ngoma ya polepole, hatua tatu. Ilikuwa menueti yangu.

Mzee Sulemani alishika kitufe ili atafute redio ya nje inayotoa habari kwa Kiswahili. Angekizungusha ningepoteza vyumba vinane. Nikasema, tafadhali Baba, iache, mimi ninasoma muziki huu.

Wote wakanigeukia. Mzee Sulemani akauliza, "Mutoto, kama we unausoma, utuambie. Mutu mukubwa amekufa, ao ni serikali imeanguka?"

Nilijua kitu kimoja tu: tulikuwa chumba cha sita, Sol majeur. Nikasema kwa sauti ya Mwalimu kwamba kwa kifo hupigwa mineur. Hii ni majeur, tena ni ngoma ya kucheza. Hakuna kitu. Iacheni tu mpaka mwisho.

Kuhusu muziki, yote yalikuwa kweli.

 Mama Concilie akafungua kifurushi, akachukua beseni. "Kama ni ngoma, mi naenda kutafuta ndagala," akasema, na akashika barabara ya kusini kwenda kwa wavuvi.

Mimi nikahesabu. Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Redio ikakohoa na kunyamaza. Mawe yake, yaani betri, Mzee Sulemani anayang'ata na kuyaanika juani tangu Septemba, maana kwa vikwazo hivi tulivyowekewa na nchi jirani mapya hayapatikani. Leo yamekufa mahali pale pale palipopita mkasi.

Saa tisa ilisikika milio ya bunduki upande wa kusini. Kwanza moja moja, baadaye mingi. Watu waliorudi mbio walisema barabara imefungwa. Mama Concilie hakuwa kati yao. Mpaka saa ya amri ya kutotoka nje hakuwa amerudi.

Hakuna aliyenisema. Tantine aliweka sahani yangu mezani na kuifunika. Mzee Sulemani alikuwa ameketi mlangoni na redio yake mapajani, imezimika, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Amerudi. Saa nne asubuhi, matope mpaka magotini, beseni tupu kichwani. Alilala kifudifudi kwenye migomba pamoja na wanawake wawili asiowajua, tangu mchana mpaka alfajiri, wakinyeshewa. Mmoja wao hakuamka. Alisema hilo moja tu juu yake.

Nilisimama mbele yake. Alinishika kidevu, mkono wake unanuka matope. "Benite," akasema, "ile ngoma yako ni ndefu, mama."

Kisha akaomba maji ya kuoga.

Jioni ikajulikana kwa nini redio ilipiga muziki mtupu. Mtangazaji alikosa petroli, akaja kwa miguu, akachelewa. Basi. Muziki haukuwa na habari yoyote, si njema wala mbaya. Habari niliiweka mimi.

Nimeapa juu ya Biblia ya Tantine kwamba sitamwambia mtu tena muziki unasema nini. Na redio sitaikaribia. Mwisho wa menueti nitautafuta kwa akili yangu, kwa haki, kama Mwalimu alivyotaka.

Jumatatu, 17 Novemba

Siku mbili sikuandika. Nimekuwa nikitunga mwisho.

Vyumba vinane. Vinaanza katika mineur, pale mkasi ulipopita, vinazidi kwenda chini. Kisha chumba kimoja kizima cha kimya. Kisha akodi nne, yaani sauti nne zikigongwa pamoja mara nne, nzito, kama watu wanaoshusha kitu kwa kamba. Nilipozipiga juu ya meza machozi yalinitoka, ingawa meza haina sauti.

Tantine alidhani nimejichoma sindano. Nilimweleza tatizo. Alivaa miwani, akatazama karatasi juu chini, ilhali hajui hata noti moja. Akasema yeye angefanya kama nguo: pindo la chini ni kitambaa kilekile cha juu, ila unakikunja kidogo kisifumuke. Nilimshukuru kwa heshima. Mshonaji atajuaje.

Jumatano, 19 Novemba

Nimetoa majibu yangu: kurasa tisa, na jalada. Annick ametoa nusu ukurasa. Niliisoma juu ya bega lake. Ameandika kwamba vyumba vinane vya kwanza vinarudi vilivyo, ila viwili vya mwisho vinageuka kidogo ili muziki utue kwenye Sol.

Nilimhurumia kweli. Mtu mwenye kinanda cha kweli nyumbani, anarudia yaliyokwisha semwa. Nilimwambia polepole, asije akaumia mbele ya wote, kwamba bado ana muda wa kuongeza. Alisema, "We Benite, mbona macho mekundu hivyo? Lala, mama, ni menueti tu."

Alhamisi, 20 Novemba

Mwalimu alifungua kitabu cha sala na kupiga vile vyumba vinane. Mwanzo ulirudi vilevile. Viwili vya mwisho vikageuka kidogo, vikatua kwenye Sol. Kwa wepesi, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Vilikuwa mbele yangu siku kumi, katika mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza.

Alisema mwisho wangu ungefaa sana kwa maziko ya askofu. Wale wa chai wakacheka. Kisha aliwatoa wengine nje na kuniuliza kwa nini sikurudisha mwanzo. Nilikuwa nimeuona, sivyo? Nikamjibu ukweli: kwamba mtu aliyepitia vile vyumba vya mineur hawezi kurudi na kusema yaleyale kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwalimu alivua miwani na kuifuta. Akasema tangu afike mji huu amekwisha kutoa menueti hii kwa wanafunzi kumi na mmoja, na Annick ni wa kwanza kuurudisha mwanzo. Kwao Bukavu, zamani, hata watoto wadogo waliurudisha bila kufikiri. Akasema jibu langu ni zuri, lakini ni juu ya watu. Karatasi inataka usome kilichomo, usiipe kilichomo ndani yako.

Nilielewa kabisa. Naandika hapa ili isisahaulike: nimeelewa kabisa.

Annick atapiga. Mimi nitamfungulia kurasa.

Jumapili, 23 Novemba, Kristo Mfalme

Kanisa lilijaa. Mama Concilie alikaa benchi la tatu na kitenge kipya. Mzee Sulemani, ambaye ni Mwislamu na hana haja na harmonium, alituma salamu kwamba leo nisiwaambie watu wa kanisani ni ngoma au ni kilio.

Annick alipiga vizuri. Lazima niandike hivyo, maana ni kweli. Kwenye ukurasa wa tatu wa kipande cha kutokea, kigeni kwangu, nilikuwa nikihesabu vyumba, nikitaka kujua kabla yake mwanzo utarudi wapi, nikafungua kurasa mbili kwa pamoja. Nilimwona akivuta pumzi. Vidole havikusimama. Aliurudisha mwanzo kwa kichwa, akakunja kidogo kwenye pindo, akatua. Hakuna aliyejua isipokuwa yeye, mimi na Mwalimu. Baada ya misa aliniambia nimemwingiza kwenye chumba cha jirani bila kubisha hodi, na kwamba Noeli nikipiga mimi, yeye atanifungulia ukurasa mmoja mmoja.

Kwa kuwa Noeli bado haina mtu. Mwalimu ametoa kipande kingine, kirefu zaidi. Safari hii mkasi umekata vyumba kumi na viwili, katikati. Vimeingia katika kitabu kilekile cha sala.

Njia ya haki ni kusoma kilichomo. Nimeanza. Nimesoma nusu saa nzima.

Kisha nikaenda kwa Mzee Sulemani kuomba yale mawe manne ya zamani, eti nimsaidie kuyaanika. Nikayapanga juu ya bati, kwenye jua la alasiri. Maana kama asubuhi moja redio itapiga tena muziki usio na maneno, kutwa nzima, basi huenda kipande hiki nacho...

Hapo nikasimama. Najua asubuhi ya namna hiyo huwa asubuhi gani.

Nikarudi kuyaondoa. Mama Concilie alikuwa anaanua ndagala zake pale karibu, akauliza ninayapeleka wapi mawe ya mzee kabla hayajapata moto.  Nikayarudisha mawili juu ya bati.

Redio ile haiwaki kwa mawili. Inataka manne. Yale mengine yako mfukoni mwa sketi yangu ninapoandika, na bado yana joto.