Sponji ya Mama Mkwe

Kwa maelezo ya Kinyozi, ambaye amepakana ukuta na Bingwa na husikia hata paka wa kule akipiga chafya, mambo yalikuwa hivi. Mama mkwe wa Bingwa alifika kumsalimia bintiye, akakaribishwa sebuleni, akajiweka kwenye lile kochi kubwa la maua. Akazama. Hakuanguka, maana kuanguka kuna kishindo. Alizama polepole, kama mzigo unaoteremshwa kwa kamba, mpaka magoti yakawa juu ya kifua na kikombe cha chai kikabaki hewani.

"Mkono tu ndio ulionekana," alisema Kinyozi, akiinua wa kwake. "Mama mzima kamezwa na kochi. Binti anavuta huku, mama wa chumba cha pili anavuta kule."

"Na wewe ulikuwa wapi?" Kilo aliuliza. Huyu ni muuza nyama, na jina amelipata kwenye mizani yake.

"Dirishani. Ningeingia kuvuta, lakini nani angekuja kuwasimulia ninyi?"

Kijiwe kikacheka. Kijiwe chenyewe ni mabenchi mawili ya mbao nje ya banda la Spoku, fundi baiskeli, na katikati ni birika la Dada wa kahawa. Bingwa alikuwa mwisho wa benchi, akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Alijua masimulizi yale yanaelekea wapi. Alikuwa ameyakalia.

"Wakapekua kochi," Kinyozi akaendelea. "Kitambaa kizima, kimerudishiwa vizuri, mshono wa fundi kabisa. Ndani patupu. Sponji imekatwa, imeondoka."

Macho yote yakamgeukia Bingwa. Yeye ni fundi cherehani. Ubingwa hajaupata popote. Walimbandika tu siku alipojiandikisha kwenye mbio za baiskeli za mlimani, wakaona wampe mapema asije akaukosa.

"Sasa mlitaka nifanyeje?" Bingwa akasema. "Mnaijua bei ya kaptula ya mbio? Ile yenye mto ndani? Unapata kochi."

"Kwa hiyo ukakata kochi upate kaptula," alisema Dada wa kahawa. "Hesabu imekaa sawa."

"Dada, mlima ule ni mawe matupu. Mwaka jana nimerudi, wiki nzima nashona nimesimama."

"Mwaka jana hukurudi kwa baiskeli," Spoku akamkumbusha. "Ulirudi kwa Fagio."

Fagio, kwenye benchi la pili, aliinua kikombe kidogo kama mtu aliyetajwa mkutanoni. Ni dereva wa pikapu inayofuata nyuma ya mbio. Ikikupita, umetoka, unapakiwa na baiskeli yako, unapelekwa mwisho kama gunia. Kila mwaka Bingwa ameshiriki, na kila mwaka amevuka mstari akiwa nyuma ya pikapu, amekumbatia tairi la mbele. Mara ya kwanza watu walimpigia makofi wakidhani ni mgeni rasmi.

"Basi mama alipotolewa kwenye kochi," Kinyozi akamalizia, "akajifuta chai, akasema: Jumapili ya mbio, hiyo sponji ikifika mwisho juu ya baiskeli, nimesamehe. Ikifika juu ya pikapu, naondoka na binti yangu, mpaka mtu huyu ajue fenicha ni nini."

Wakacheka tena. Bingwa akacheka nao, kwa meno tu. Kinyozi hakujua kwamba begi la mke wa Bingwa lilikuwa limeshateremshwa kutoka juu ya kabati, na lilikuwa limefutwa vumbi.

"Safari hii nimejiandaa," alisema. "Mazoezi nafanya kila siku. Napanda ngazi za lile jengo la ofisi na jora la kitambaa begani."

"Lifti imekufa na mteja wako yuko ghorofa ya juu," Spoku akasema. "Hayo si mazoezi. Huko ni kupeleka kitambaa."

"Na uzito nimepunguza."

"Hapo mniachie mimi," Kilo akaingilia. "Juzi kaleta baiskeli kwenye mizani yangu. Kang'oa kengele, kang'oa stendi, kang'oa madigadi, anataka kung'oa na breki ya nyuma. Nikapima, kweli imepungua. Nikamwambia, haya, panda na wewe. Mizani ikaomba maji."

"Halafu akaja kwangu," Kinyozi akadakia. "Anataka nimnyoe miguu. Eti upepo."

"Wanaoshinda wote wananyoa," Bingwa alijitetea.

"Wanaoshinda wana upepo. Kwa mwendo wako, nywele zitajua saa ngapi kama mnasafiri?"

Spoku aliinuka, akaenda kubonyeza tairi la baiskeli ya Bingwa iliyoegemezwa bandani. Kidole hakikuingia.

"Umejaza hivi kwa ajili ya mawe? Litakurusha kama bisi. Mlimani tairi linalegezwa kidogo, lishike."

"Likishika litanichelewesha."

"Bingwa, wewe hata ukisukumwa utachelewa. Legeza. Na gia nyepesi uiweke kabla mlima haujaanza, si ukiwa katikati umeshakwama."

"Nikiiweka mapema watu wataniona mnyonge."

"Watu gani? Nyuma yako kuna Fagio tu."

Hapo hata Dada wa kahawa alilazimika kuweka birika chini. Wakati wanacheka, mtu alitokea mlangoni kwa Kinyozi, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mwingine bado, akauliza kwa upole kama amesahauliwa. Kinyozi akaondoka mbio. Kilo akakumbuka amewaachia nzi bucha. Spoku akaingia bandani kutafuta kiraka.

Akabaki Bingwa na Fagio. Bingwa akahamia benchi la pili.

"Kaka," alisema chinichini, "pale kwenye kona ya majabali. Ukiniona nimeshuka nasukuma, na wewe simama kidogo. Fungua boneti. Tazama maji. Gari ni gari, lina mambo yake."

Fagio alifikiria. Ni mtu asiye na haraka, labda ndiyo sababu walimpa kazi ile.

"Ningesimama," alisema. "Wewe ni mtu wangu, tumeshasafiri sana. Lakini kiti cha mbele kina mtu."

"Nani?"

"Mama mkwe wako. Alikuja jana mchana kuomba lifti. Anasema akikungoja kule mwisho ataishia kusimuliwa, na amechoka kusimuliwa. Anataka akufuate nyuma, ajionee."

Kahawa ikampalia Bingwa. Fagio akampigapiga mgongoni, akangoja imalizike.

"Sasa shida ni kiti chenyewe," akaendelea. "Kimechakaa, springi zimetoka juu. Alikaa kujaribu, akaruka. Na njia ile unaijua, mawe mwanzo mpaka mwisho, na yeye ndiyo huyo, mtu mzima. Kwa hiyo kanituma kwako. Anaomba umpe ile sponji ya kochi aikalie, Jumapili hiyo moja tu. Baada ya hapo utarudishiwa."

Bingwa alitazama kikombe. Kaptula aliyoishonea ile sponji alikuwa ameivaa ndani ya suruali tangu asubuhi, aizoee. Katika mbao zile zilizowatesa watu wote, yeye peke yake alikuwa amekaa pazuri.

"Jioni napita kwake," Fagio alisema. "Nimwambieje?"

Dada wa kahawa, aliyekuwa anasuuza vikombe, akaacha kusuuza. Bingwa akajisogeza kidogo kwenye benchi, akajikalia vizuri zaidi.