Sparadra Juu ya Taa ya Njano

Jumatatu, 4 Novemba 2024
Taa ya njano imewaka ndani ya Toyota ya marehemu mume wangu. Anaclet, fundi, mtoto wa jirani Geneviève, akaingiza kichwa chini ya gari bila kuitwa. Eti sonde, kadude kanachopima hewa ndani ya bomba la moshi, kamekufa. Motere inakunywa mafuta kupita kiasi, na katalizeri, lile boksi la kusafisha moshi, linaungua na kuziba. Nisiende mbali. Yeye anifundishe gari, na mama yake bado hajanirudishia sufuria yangu!

Jumanne
Simu kutoka Kibombo. Mjukuu wangu Fidélie ana mimba kubwa, amevimba uso, presha imepanda. Daktari anataka aletwe Kindu kesho apasuliwe. Anaclet ameomba asubuhi tu, atafute sonde. Nikakataa. Geneviève angetamba mtaa mzima wa Alunguli kwamba mwanawe ameniokoa. Wakati wa vita tulifunika kila taa, na askari wakapita bila kugonga mlango. Taa isiyoonekana haileti shida. Nimebandika sparadra, ile plasta ya kidonda, juu ya taa. Mwanangu Elie, dereva, akauliza tutajuaje gari likiumwa. Nikamwambia aangalie barabara.

Jumatano
Tumemchukua Fidélie. Kurudi, kwenye kilima, nguvu zikaisha. Elie anakanyaga, gari linakohoa. Harufu ya mayai yaliyooza. Boksi chini jekundu kama jiko. Fidélie alikuwa analalamika tangu Kibombo, sasa amenyamaza. Hapo njo niliogopa. Nikampigia Geneviève, kwa sauti ya upole. Akauliza kama taa yangu bado inalala chini ya sparadra, kumbe mtaa mzima unajua. Nikasema sufuria abaki nayo, atume tu mtoto wake. Anaclet akaja na pikipiki, akafungua bomba mbele ya lile boksi, moshi ukapata njia. Gari likanguruma kama lori, likapanda.

Ijumaa
Mtoto wa kike, mzima. Mama yake amefungua macho, anaomba wali. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu tungelia. Anaclet ameweka sonde na boksi lingine, taa imezimika. Wodini nimeeleza wote: sparadra njo ilitufikisha. Fidélie anataka kumwita mtoto Geneviève. Ni homa inayosema, bado iko.

Jumamosi
Elie anasema leo imewaka taa nyekundu, yenye picha ya kopo la oil. Nimemtuma sokoni. Sparadra ile pana.