Mto Upange Foleni

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Nidhamu ya Mito ilitangaza kwamba mto mkuu hautaruhusiwa tena kuingia baharini kwa mikono mitano. Tangu enzi na enzi, ulipokaribia bahari ulitawanyika kama wanafunzi wanaotoroka bweni, kila mmoja na tundu lake kwenye uzio. Tabia hiyo, Mkurugenzi alieleza, ilikuwa ikiliaibisha taifa mbele ya nchi zenye mito iliyonyooka.

Amri ilikuwa fupi: mikono minne izibwe kwa mifuko ya mchanga, na chochote kinachougawa mto kibomolewe. Ungebaki mkono ule unaopita mbele ya ofisi ya Mkurugenzi, kwa sababu za kitaalamu na kwa ajili ya upepo.

Kilichokuwa kikiugawa mto ni kisiwa. Kisiwani mlikuwa na nyumba za watu, na mojawapo ilikuwa ya mama mkwe wake.

"Mkwe," mama alisema, amesimama wima mlangoni pa ofisi, "mto huu uligawanyika kabla babu yako hajaota meno. Leo unibomolee nyumba ili maji yapange foleni?"

"Mama, hapa mimi si mkwe. Mimi ni mamlaka husika."

"Na binti yangu umemwambia, au unangoja asome gazetini?"

Mkurugenzi alikohoa kwa mujibu wa utaratibu.

Mikono ikazibwa. Siku ya kubomoa kisiwa, Waziri alifika ofisini hapo kukata utepe, na cheo kipya kilikuwa kinamnukia Mkurugenzi puani. Maji ya mvua iliyonyesha huko milimani nayo yakafika. Mto, mtiifu kuliko mtumishi yeyote wa umma, ukaja wote kwa mkono mmoja. Ukapita mbele ya ofisi. Hapakutosha, ukapita na nyuma.

Mkurugenzi na Waziri walikuwa wamepanda juu ya meza, suruali zimekunjwa hadi magotini, mtumbwi ulipoegeshwa dirishani. Alikuwemo mama mkwe na majirani wawili, nyundo mikononi.

"Shikamoo, mama," alisema Mkurugenzi, mara ya kwanza tangu apewe gari.

"Marahaba. Tumeona jengo hili linaugawa mto, tukasema tusaidie utekelezaji. Tuanze na ukuta upi?"

"Fungueni mikono yote!" Waziri alipiga kelele. "Sasa hivi!"

Mama aliilaza nyundo taratibu.

"Ombi limepokelewa, mheshimiwa. Ila mambo haya hayaendi kienyeji. Kisiwani tumeunda kamati. Itakaa akidi ikitimia."

"Wajumbe wako wapi?"

"Watatu ndio sisi hawa. Waliobaki wanahamisha vyombo, kama mlivyoagiza."